Mtoto Hanyonyeshwi kwa King'ora

Nyumbani kwa mama yako,
Chumba cha mbele, penye cherehani.
Jumatano, asubuhi.

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za mama aliyekuzaa na ambaye bado hajachoka kukusema. Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa ule unga wa sabuni? Nilikuambia ujifunge kitambaa puani, ukasema msimamizi wa zamu hajifungi kitambaa, vijana watamcheka. Haya, kohoa basi na cheo chako. Mimi goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, ila mdomo ni mzima kabisa, kama utakavyoona.

Mkeo hajambo kidogo. Mtoto ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Usikimbilie mwisho wa barua. Soma kwa utaratibu, si wewe ndiye mtu wa utaratibu?

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu unanikatiza. Nikianza neno unasema "Mama, subiri." Nikisubiri unasema "Mama, niko kazini." Karatasi haina adabu mbaya kama hiyo. Mwandiko ni wa darasa la nne na utausoma hivyo hivyo, maana ndiyo darasa lililokusomesha wewe mpaka ukapewa filimbi ya kuwapulizia watu wazima. Barua nitampa jirani yetu dereva wa lori, anakuja huko kwenu kupakia mzigo na anaondoka jioni. Kwa hiyo naandika mbiombio. Tena leo ni siku ya kumpima mtoto, mkeo yuko bafuni anaoga, na mimi kiti hakinikai. Nimesimama mara mbili tangu nianze, nikaenda kumtazama mtoto kama anapumua. Anapumua. Nimerudi.

Basi sikiliza. Kabla hujarudi kazini ulikaa na mkeo pale kitandani, ukachukua simu yake, ukaweka zile kengele zako. Hii ya kunyonya, hii ya kulala, hii ya kunyonya tena. Na ukachagua mlio wa king'ora, kama cha kiwandani kwenu. Mimi nilikuwa napepeta mchele mlangoni nikakusikia ukimwambia, "Akizoea utaratibu hatatusumbua. Kabla ya king'ora usimpe, atakuwa mdokozi." Mdokozi! Mtoto ambaye hajui hata mkono wake ni wa nani! Nilicheka, nikadhani ni mchezo wa mtu anayeona uchungu kuondoka. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Hili liliharibika mzee akiwa palepale, anapepeta.

Umeondoka, na king'ora kimebaki. Kinalia kama nyumba inaungua. Kikinyamaza tu, unapiga wewe. "Amenyonya? Dakika ngapi? Amelala?" Humuulizi mkeo kama amekula. Humuulizi kama mgongo unauma. Mke wa watu anasimama na simu sikioni kama kibarua anayetoa hesabu ya katoni.

Mkeo nilimjua msichana wa maneno mengi. Alikuwa anakata kitambaa huku anabishana na wateja watatu, na wote wanaondoka wanacheka. Sasa ukimwuliza kitu anatazama simu kwanza. Anakuheshimu mno, na hilo ni jambo zuri, lakini heshima nayo ina kipimo chake, kama chumvi.

Mwanzoni somo yangu alikuwa analia. Namwita somo yangu kwa kuwa ulimpa jina langu, na kwa hilo nakushukuru, ingawa sijafa. Alikuwa analia kabla ya king'ora, anageuza kichwa huku na huku anatafuta, anakula ngumi yake. Mkeo anamtia ile chuchu ya mpira mdomoni. Anaitema. Anamtembeza chumba kizima, kifua cha gauni kimelowa maziwa, naye anatazama simu. Maziwa yanamwagika sakafuni, mwenyewe haruhusiwi kuyanywa! Nikimwambia mpe, ananijibu, "Baba yake amesema bado kidogo, mama." Bado kidogo.

Na mimi sikukaa kimya, nikafanya langu. Nilikuwa namwonjesha mtoto maji ya sukari kwa kijiko, mkeo akiingia kuoga. Sikufanya hivyo kwa kukuogopa wewe. Niliogopa mgombane, na ugomvi wa mtu na mkewe kwa simu hauna mlango wa kutokea. Nikajiambia maji ya sukari hayajaua mtu, wewe mwenyewe uliyanywa. Nesi wa kliniki amenisema kwa hilo, na nimemwacha aseme. Hapo sina la kuongeza, na wewe usiongeze.

Halafu mtoto akanyamaza. Sikiliza jinsi alivyonyamaza.

Unajua cherehani ya mkeo ni ile ya kukanyaga kwa miguu. Tangu mtoto yuko tumboni alikuwa anausikia ule mlio, kwa hiyo mkeo akishona, mtoto analala. Mguu ukisimama, mtoto anafumbua macho. Sote tukafurahi. Mkeo anamlaza kwenye beseni la nguo pembeni ya cherehani, anashona, mtoto amelala fofofo mpaka king'ora. Ukapiga simu, ukaambiwa amelala vizuri, ukawatangazia kiwanda kizima kwamba binti yako ana akili ya mtu mzima. Mimi nami nikatembea kwa madaha hapa mtaani. Nani hapendi mtoto mtulivu?

Mtu aliyenitia mdudu kichwani ni muuza mkaa wa jirani, yule tunayemwita Mama Redio kwa kuwa hazimwi. Alikuja kudai gunia lake akasimama mlangoni. "Hivi nyinyi mna mtoto kweli humu, au mmenunua mwanasesere? Mbona simsikii? Wangu walikuwa wakilia mpaka mkaa unawaka wenyewe." Nikamjibu wake walilia kwa kuona sura iliyowazaa. Alicheka, akaenda zake. Lakini neno lake lilibaki limekaa hapa nyumbani kama mgeni asiyeaga.

Nikaanza kutazama. Nepi nilizokuwa nafua asubuhi zilikuwa zimepungua, na zile zilizopo hazikuwa nzito. Mashavu yake yalikuwa yanashuka. Na akipewa ziwa king'ora kikilia, ananyonya kidogo anasinzia, hana hata nguvu ya kuvuta. Mkeo anahesabu dakika. Dakika zinatimia, tumbo halitimii.

Juzi nikaingia chumba hiki bila viatu. Mkeo amenipa mgongo. Anakanyaga cherehani, anakanyaga kweli kweli, jasho linamtoka. Nikasogea nione anashona nini. Mwanangu, chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Hapakuwa hata na uzi. Alikuwa anakanyaga cherehani tupu, mtoto asiamke kabla ya king'ora chako, asije akalia, usije ukapiga ukasikia analia, ukadhani mkeo hawezi kulea.

Nikamwuliza, "Unashona nini, mwanangu?"

Hakugeuka. Akasema, "Nashona muda, mama." Akaendelea kukanyaga, machozi yanadondoka kwenye meza ya cherehani.

Nilimwondoa mtoto kwenye beseni palepale, nikajitupia khanga, nikasema twende kliniki. Akasema siku yetu bado. Nikasema mimi ndiyo siku.

Kule kuna nesi mmoja mwembamba, mkali, sauti kama ya sufuria iliyoanguka. Nilimpenda. Alimweka mtoto kwenye mzani, akautazama, akamwondoa, akamweka tena. Mtu akipima mara mbili, ujue ameona kitu. Mtoto hakuwa ameongezeka tangu mara ya kwanza. Alikuwa amepungua.

"Bibi, mtoto huyu ananyonya saa ngapi?"

Nikamjibu, "King'ora cha simu kikilia."

"Anayelia ni nani hapa, simu au mtoto?"

Wamama waliokuwa kwenye benchi walicheka. Mkeo aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na hapo ndipo nilipokukasirikia zaidi. Nikawageukia wale wa kwenye benchi nikawaambia watazame watoto wao, wengine pua zinahitaji kufutwa. Mmoja akafuta kweli.

Sasa nakuandikia alichosema yule nesi, ukiweke kwenye kichwa chako hicho kinachopenda kanuni. Mtoto mchanga tumbo lake ni dogo, linajaa upesi na kuisha upesi. Ananyonya akitaka, mchana na usiku, mara nyingi kuliko ulivyodhani. Usingoje alie; akianza kulamba midomo na kugeuza kichwa ndiyo anaomba, kulia ni mwisho wa subira yake. Na huyu asiyeongezeka akilala mno, asiachwe. Aamshwe. Afunuliwe nguo, asuguliwe nyayo, apewe ziwa. Maji asipewe, wala ya sukari, wala ya chochote (hapo alinitazama mimi, nami nikatazama dirisha). Na maziwa ya mama yasiponyonywa yanakauka, maana mwili unadhani hakuna mtu anayeyataka. Hilo ndilo lililomshtua mkeo. Alijishika kifua, akauliza, "Yatarudi?" Nesi akasema yatarudi, mtoto ndiye atakayeyaita.

Akasema pia alale chali, kwenye kitanda kisicho na mito. Nyinyi wote niliwalaza kifudifudi na mko hapa mnanijibu jeuri. Nimekubali shingo upande.

Neno la mwisho ndilo hili: turudi Jumatano, yaani leo. Akiwa hajaongezeka hata kidogo, analazwa wodini, atiwe mpira wa kulishia puani. Somo yangu, mwenye pua kama punje ya mahindi.

Ulipopiga jioni ile nilinyang'anya simu nikakueleza. Unakumbuka ulivyonijibu, au nikukumbushe? "Mama, usiingilie. Nyinyi mlilea kienyeji, sasa hivi kuna elimu." Nikakata simu. Ilikuwa ama nikate simu au nikutie laana, na laana ya mama haifutiki kwa kubonyeza. Elimu naijua, mwanangu. Nesi naye ana elimu, tena ya watoto. Yako ni ya sabuni. Sabuni inangoja zamu, haina tumbo.

Nilipokata simu nikafungua mkanda wa cherehani, ule wa ngozi unaozungusha gurudumu, nikautia kwenye mkoba wangu. Mteja wa magauni ya sare amekuja kufoka. Nikamwambia ashone kwa meno. Tangu hapo nyumba ina kelele. Mtoto anaamka, analia, ananyonya, anasinzia, anaamka. Sote macho mekundu. Mimi nachemsha, napika, namshika mtoto mkeo apate kulala pale mtoto anapolala. Kila nikikaa nasimama.

Ametoka bafuni. Tunakwenda. Nitamalizia.

Nimerudi. Jua limepanda, miguu imejaa, na nimemwagia chai kona ya karatasi, usijali.

Foleni ilikuwa ndefu. Mkeo alimnyonyesha kwenye benchi, hakuona haya, hata nilipotaka kumfunika akasema nimwache mtoto apate hewa. Tulipoitwa, alinipa mimi mtoto nimweke mzanini. Akageukia ukuta. Akasema, "Siwezi kutazama, mama, nisomee wewe." Mtoto alipiga teke, mshale ukayumba, nesi akamshika mguu, tukangoja utulie. Ningemwomba Mungu kitu kingine chochote wakati ule ningekuwa mjinga.

Ameongezeka.

Si sana, usianze kurukaruka huko. Nesi alisema ni kidogo lakini ni njia sahihi, wodi hatuendi leo. Turudi Jumatatu, na asirudi nyuma. Mkeo alikaa chini sakafuni mbele ya watu. Nesi akamwambia ainuke, sakafu imepigwa deki sasa hivi.

Njiani ndipo aliponiambia jambo ambalo ndilo limebaki, nalo ni kubwa kuliko mzani. Anakudanganya. Tangu siku ile ya kliniki, ukipiga anakuambia amefuata king'ora. Ananyonyesha kwa kuiba, mwanangu, anamnyonyesha mtoto wake kama mwizi wa maembe. Na kila king'ora kikilia moyo unamruka, na ukimruka maziwa yanakata, ameyaona mwenyewe yakikata. Nikamwambia akifute. Kukifuta anajua, simu ni yake. Akasema, "Amekiweka yeye, mama. Nikikifuta ataona simheshimu. Na Jumatatu mtoto akipungua, atasema ni kwa sababu nilikifuta."

Umesikia? Mimi nimesema, nesi amesema, mzani umesema. Yeye anangoja neno lako wewe.

Nakujua, nimekuzaa. Hukuweka kengele kwa ubaya. Uliondoka mtoto bado anatoka ngozi, ukaona huna mkono wa kumshika, ukaacha king'ora kishike badala yako. Ulikuwa hivyo hivyo baba yako alipougua, ulipanga dawa zake dirishani kwa mistari na hukutaka mtu aziguse. Naelewa. Lakini baba yako alikuwa na kinywa cha kusema amechoka. Huyu ana kilio tu, na ndicho ulichotaka kumnyamazisha.

Kwa hiyo nakuagiza, siombi. Umwambie mkeo kwa mdomo wako mwenyewe amnyonyeshe mtoto anapotaka, na king'ora akifute, na maneno ya dakika yaishe. Umwambie kabla ya Jumatatu. Halafu umwulize amekula nini. Ukitaka kupanga zamu, panga likizo uje ufue nepi, zimeanza kuwa nzito tena na mgongo wangu unazijua.

Ngoja. King'ora chako hicho kinalia sasa hivi ninavyoandika. Mkeo yuko kitandani, mtoto amemlalia kifuani ananyonya tangu tulipofika, hana habari. Kimenyamaza.

Sasa unapiga wewe. Simu iko mezani hapa karibu na mkono wangu, inatetemeka mpaka kalamu inaruka. Nimemtazama mkeo, nimemwuliza nimletee? Amemtazama mtoto, akanitazama mimi. Amesema, "Iache, mama. Akishiba nitampigia mwenyewe nimweleze."

Basi barua hii itakukuta ameshakupigia. Kama ulimpokea vizuri, yote niliyokusema hapa juu nimekusamehe. Kama ulimfokea, isome tena kuanzia mwanzo.

Nisalimie yule mwenzako wa chumbani, mpishi, mwambie nimesikia anakupikia na nashukuru, na apunguze mafuta. Dada yako na mumewe seremala wanakusalimu. Shemeji anatengeneza kitanda cha mtoto, amekiwekea mguu mmoja mfupi, tunamngoja arekebishe. Shangazi yako anasema usimsahau. Hata Mama Redio amekusalimu, ingawa hukumwuliza.

Mungu akulinde na mashine na kifua, akuzidishie subira mahali pa amri, na akurudishe ukiwa mzima umkute mwanao amekuwa mzito wa kubeba.

Ni mimi mama yako, nikupendaye hata ninapokukaripia, na hasa hapo.